Historia ya Perpetua Kagwiria Lobokat, Mke wa Askari wa Kiwanjani, na Kosa Aliloagiza Lisomwe

Padre wetu, wazee wa Ngaremara, ndugu zetu mliotoka Meru alfajiri na mapema, wakuu na askari wa kambi, majirani wa Kiwanjani, familia ya Mzee Longinus Lobokat inawasalimu nyote na kuwaomba mkae vizuri, kwa sababu historia hii ni ndefu kidogo na mwenyewe aliagiza isikatwe. Mwezi wa Septemba, akiwa bado na sauti, marehemu aliwaita watoto wake akawaambia, "Mkisema mazuri peke yake, mtakuwa mmezika mtu mwingine, si mimi." Kwa hiyo mazuri yatasemwa, maana yapo mengi, lakini na kosa lake litasomwa mbele ya watu, kama alivyotaka.

Marehemu Perpetua Kagwiria alizaliwa tarehe 14 Mei 1970 katika kijiji kimoja cha Tigania, Meru, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Mworia na mkewe, wakulima wa miraa na maharagwe. Alianza shule ya msingi ya kijijini mwaka wa 1978, na alipofika darasa la nne, walimu walipowarudisha nyumbani watoto wasiokuwa na madawati, yeye alijitwika kigoda cha jikoni cha mama yake, akatembea nacho kilomita tatu, akakikalia muhula mzima, na mama yake akawa anapika amesimama. Wanaomjua watakubali kwamba mtu huyo hakubadilika baadaye. Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1985, akajiunga na shule ya upili mwaka uliofuata, na mwisho wa kidato cha pili, karo ilipokosekana, akakubali kuacha ili wadogo zake waendelee.

Januari 1988 alikuja Isiolo kwa shangazi yake, aliyeuza viazi na kabeji sokoni, na hapo ndipo alipokutana na Longinus Lobokat Ekuam, kijana wa Ngaremara, askari mpya, aliyekuwa ametumwa pamoja na wenzake kuchukua mboga za jikoni kambini. Kagwiria alimwona akipakia magunia bila kufungua hata moja, akamwambia kabeji za chini zimeoza, ashushe zote, arudi ndani achague nzuri, na Lobokat akashusha zote, akarudi, akachagua, huku wenzake wakimcheka kwamba leo amepata kamanda. Walifunga ndoa kanisani hapa Isiolo tarehe 7 Desemba 1991, baada ya mahari kupelekwa Tigania, mbuzi, ng'ombe, na ngamia mmoja ambaye Mzee Mworia alimtazama kwa siku tatu kisha akaomba kwa heshima abadilishwe.

Nyumba za ndani ya kambi hazikutosha, basi maharusi wakapanga chumba mtaa wa Kiwanjani, nje ya kambi. Ni lazima hapa tueleze jambo moja la kikazi, kwa sababu bila hilo maisha ya marehemu hayaeleweki. Askari anayelala kambini hula mesini, chakula cha serikali, na hapewi pesa ya chakula, lakini askari aliyeruhusiwa kuishi nje na familia yake hupata marupurupu ya chakula pamoja na mshahara, ambayo askari wenyewe huyaita pesa ya rashoni, ili ale kwake. Kanuni zimebadilika mara nyingi tangu wakati huo na bila shaka zitabadilika tena, ila msingi ni huo, kwamba mtu hapewi sahani na bei ya sahani kwa wakati mmoja. Kagwiria alijua kwamba pesa ya rashoni ipo, na kwa hiyo alinunua unga, mafuta na maharagwe katika duka la Guyo, akamlisha mume wake, na Ekuam aliyezaliwa mwaka wa 1992, na Nakaale aliyezaliwa mwaka wa 1994, na nyumba ikawa na amani. Kitu ambacho hakukijua, kwa sababu hakuna aliyemwambia, ni kwamba pesa hiyo husimama mara tu askari anapoanza kulishwa na jeshi mahali pengine.

Tarehe 19 Agosti 1996 kikosi cha Lobokat kilipewa saa mbili za kujiandaa kikaondoka kwa operesheni mpakani, na Lobokat akamwachia mke wake agizo la kuchukua pesa posta kila mwezi. Mwezi wa kwanza zilikuja kama kawaida, lakini mwezi wa pili zikapungua, na wa tatu zikaja vile vile zimepungua, na Kagwiria, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, akaanza kuchukua unga kidogo kuliko alivyozoea. Guyo, kwa mdomo wake, akamuuliza, "Mama Ekuam, siku hizi unga nusu? Kwani yule mzee anakula wapi?" Mzee Guyo yupo hapa leo, na ametuomba tuseme kwamba alikuwa anatania.

Utani ule ulimchoma. Kagwiria alifikiri kama wanawake wengi wa askari walivyofikiri kabla yake na baada yake, kwamba pesa ya chakula ikipungua hapa basi kuna jiko lingine linawashwa mahali pengine, na majirani wawili wakamthibitishia, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari yoyote. Hakumuuliza mtu kambini, kwa aibu ya kuonekana ameachwa. Mwishoni mwa Novemba alifunga chumba, akapeleka ufunguo kwa mwenye nyumba, akawachukua watoto wakarudi Tigania, na barua moja aliyomwandikia mume wake ilikuwa na maneno machache tu, "Endelea kula huko huko unakokula." Hilo ndilo kosa lake, na ameomba tusilipunguze hata kidogo.

Lobokat alipata barua ile akiwa porini, akila nyama ya mkebe kwa siku ya mia na kitu, na hakujibu. Mtoto wa tatu alizaliwa Februari 1997, akapewa jina Mworia na watu wa Meru na jina Lopeyok na watu wa Ngaremara, na mpaka leo huitika yote mawili. Mwezi wa Mei kikosi kiliporudi, baba yake alipanda Tigania kumwona, akasimama nje ya ua, akambeba mtoto kwa muda, akamrudisha, akakataa chai, akaondoka. Kila mwezi alituma pesa bila kukosa, na kila mwezi hakuandika neno. Ilikuwa hivyo kwa miaka mitatu na nusu, watu wawili wenye kiburi kinacholingana, kila mmoja akiamini kabisa kwamba ndiye aliyekosewa.

Mapema mwaka wa 2000 mdogo wa marehemu, Gichunge, ambaye yuko nasi, aliajiriwa jeshini, na akiwa mafunzoni akamwandikia dada yake barua ya kujivunia, na ndani yake aliandika bila kufikiri, "Dada, hapa tunashiba sana, lakini pesa ya rashoni hatuoni, kwa sababu tunakula kwa mesi. Ukilishwa hulipwi ya kula. Hata wenye wameoa, wakienda operesheni, inakatwa mpaka warudi." Kagwiria alikuwa akichambua maharagwe. Alinawa mikono, akaisoma barua mara ya pili, akaisoma ya tatu, akamwambia mama yake, "Nimemwonea mtu," na mchana huo huo akaanza kufunga mizigo. Gichunge anasema hajawahi kuandika barua nyingine yenye maana kama ile, na ile yenyewe aliandika ili atumiwe viatu vya raba.

Tarehe 15 Aprili 2000 alishuka hapa Ngaremara akiwa na watoto watatu na mbuzi wawili aliowanunua njiani, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, marehemu Mama Apua, akasema alichokifanya, neno kwa neno, wakati mume wake amekaa kando akitazama upande mwingine. Mbuzi mmoja alichinjwa, na wazee wakawapaka mume na mke ujiuji wa tumboni mwake kama ilivyo desturi ya Waturkana kwa watu wanaorudiana, na padre wa wakati ule, aliyekuwa mgeni siku hiyo, alikumbuka ghafla kwamba ana jambo la kuangalia kwenye gari lake. Lobokat aliuliza tu kama mtoto mdogo amekula, na kwa swali hilo Kagwiria akajua amepokelewa. Jambo lile halikuzungumzwa tena kati yao, na hapo tuombe radhi kwa Mzee, lakini ni kweli, yeye ndiye hakutaka lizungumzwe.

Marehemu kwa upande wake hakunyamaza. Alifungua kibanda cha mboga Kiwanjani mwezi wa Julai mwaka huo, na kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemwajiri wala kumlipa, ilikuwa kuhakikisha hakuna mke mwingine wa askari atakayefunga chumba kwa sababu ya pesa ya rashoni. Alimfuata karani wa mishahara hadi akajifunza yote, kwamba askari akiwa likizo hulipwa ya siku zake za likizo, akilazwa hospitali hulishwa wodini na hukatwa, akienda kozi hulishwa huko na hukatwa, akienda operesheni vivyo hivyo, kisha anaporudi pesa haiji siku hiyo hiyo bali makaratasi yakishapita. Aliingia nyumba hadi nyumba, akakaa, akakubali chai, akasema maneno ambayo nusu ya Kiwanjani inayajua kwa moyo: "Mume wako ana tumbo moja, na serikali inalisha tumbo moja, mara moja. Akikula kwako, pesa iko. Akikula kwao, pesa hakuna. Akienda msituni wanamfuata na mkebe ya nyama. Sasa wewe usimtafutie mwanamke ndani ya mkebe ya nyama."

Haikuwa rahisi. Kulikuwa na wanaume waliomwona kama mwenye kuchungulia mishahara ya watu, na mmoja alimfukuza mlangoni kwa maji ya kuoshea vyombo, na kesho yake marehemu akarudi kwenye mlango ule ule akiwa amevaa nguo nyingine. Mwaka wa 2004 alishikwa na kuhojiwa kutwa nzima, kwa sababu alikuwa amepita nyumba kumi na moja akiwaandaa wanawake siku mbili kabla ya kikosi kuondoka, na safari ile ilikuwa siri. Walimuuliza ni nani aliyempa habari za jeshi, naye akawajibu kwamba askari kumi wakija kununua majani ya chai, tumbaku na sabuni ya kipande asubuhi moja, hata mbuzi wa sokoni anajua wanasafiri. Walimwachilia wakiwa wanacheka, lakini alielewa kwamba wana haki, na tangu siku hiyo hakungoja tena safari, bali kila bibi mpya aliyehamia Kiwanjani alitembelewa katika wiki ya kwanza, kabla hata hajatundika mapazia. Mwaka wa 2012 mkuu mmoja wa kambi alimruhusu kuzungumza siku ya familia, akaketi meza moja na Sajini Lokuruka, karani wa mishahara wakati huo, na toka hapo jambo hili linaelezwa rasmi kambini. Kwa haki tuseme pia kwamba kati ya waume wote waliotuhumiwa, wawili walikuwa na nyumba nyingine kweli, na hao marehemu aliwashughulikia kwa namna ambayo Padre ameomba tusiisome.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Ekuam, aliyemfuata baba yake jeshini mwaka wa 2012, Nakaale, mwalimu, na Mworia Lopeyok, fundi wa pampu za maji, na wajukuu watano. Mzee Lobokat alistaafu mwaka wa 2010 akiwa koplo, na wakaendelea kuishi Kiwanjani, kwa sababu mke wake alisema kazi yake yeye haijafika kustaafu.

Mwezi wa Januari 2025 marehemu alianza kupata shida ya kumeza, na Machi hospitali moja ya Meru ikathibitisha kwamba ni saratani ya koo, akapelekwa Nairobi kwa matibabu ya mionzi, na Juni akawekewa mrija wa kumlishia tumboni. Hata hapo hakuacha utani, kwani alipoletewa maziwa ya mrija wodini alimwambia muuguzi, "Andika kwa karatasi yako, mimi niko operesheni, rashoni yangu nyumbani ikatwe." Alilazwa tena Nairobi kuanzia katikati ya Septemba hadi Oktoba 20, na aliporudi sauti ilikuwa imekwisha, akawa anazungumza kwa daftari na kalamu.

Sasa tunafika mahali ambapo ni vigumu kusoma. Ekuam alimuoa Nakolong, ambaye ndiye anayewasomea, mwaka wa 2021, na miaka ya kwanza Ekuam alikuwa akiishi kambini mbali na hapa, lakini mwanzoni mwa 2025 alihamishiwa Isiolo, wakapanga Kiwanjani, na kwa mara ya kwanza nyumba yao ikaanza kula pesa ya rashoni. Mwezi wa Septemba Ekuam aliondoka kwa operesheni. Mwanamke aliyeeleza nyumba zote za Kiwanjani alikuwa kitandani Nairobi, na hakuna aliyemweleza mkaza mwana wake mwenyewe, kwa sababu Ekuam alidhani mama amesema, mama alidhani Ekuam amesema, na mtaa mzima ulidhani mtu wa nyumba ile hawezi kukosa kujua. Pesa zilipopungua kwenye simu, na Ekuam hapatikani kwa mtandao, Nakolong alifikiri alichofikiri, na aliona haya kumwendea mgonjwa aliyelala na mrija tumboni akamshtaki mwanawe kwake. Tarehe 27 Oktoba alimchukua mtoto akaenda Kinna kwa dada yake anayelima vitunguu, akazima simu.

Marehemu aliuliza kwa daftari siku nne kwa nini mjukuu haletwi, na alipoambiwa ukweli alikaa kitandani, akaomba viatu. Muuguzi Nangiro, jirani yetu, alimkataza, Nakaale akalia, Mzee akasema wangoje apone kidogo, na marehemu akaandika kwa herufi kubwa, "Mimi sitapona. Leteni gari." Tarehe 5 Novemba walipanda Probox kwenda Kinna, Nangiro akiwa upande mmoja na Mzee Lobokat upande mwingine ameshika chupa ya maziwa ya mrija, na gari likasimama mara sita kwa ajili ya kichefuchefu chake, na kila mara yeye mwenyewe ndiye aliyempungia dereva mkono waendelee.

Walimkuta Nakolong shambani, akaja amejaa udongo hadi magotini, akapiga magoti kwa hofu alipomwona mama mkwe wake amefika katika hali ile. Marehemu aliandika neno moja, "Rashoni," akamwonyesha, lakini Nakolong hakuelewa, na mama alikuwa ameishiwa nguvu za kuandika zaidi. Akamgeukia mume wake, akamnyooshea kalamu kifuani.

Mzee Lobokat aliweka chini chupa ya maziwa, akamwambia Nakolong, na ametukubalia tuyasome maneno yake kama yalivyokuwa: "Mama, Ekuam hajaoa mwingine. Iko hivi, akikula ya serikali huko, ile pesa ya chakula inakatwa, akirudi inarudi. Ni hiyo tu. Na mwaka ya tisini na sita mimi nilijua itakatwa. Nilijua. Lori ilikuwa inangoja, nikasema nitaandika, na sikuandika. Halafu barua yake ikafika nikakasirika, nikajifanya mimi ndiye nimekosewa. Huyu mama amezunguka Kiwanjani miaka ishirini na tano akisema ni kosa yake. Ilikuwa yangu na yeye, na nilimwacha abebe peke yake."

Kagwiria alimtazama mume wake kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa baada ya kuchoka kungoja. Alilia bila sauti, akampiga gotini kwa daftari, mara mbili, kwa nguvu zote zilizobaki, kisha akauacha mkono wake pale pale juu ya goti. Nakolong alinawa miguu, akafunga nguo za mtoto, wakarudi Isiolo wote pamoja jioni hiyo. Siku nane zilizofuata ndiye aliyemwogesha na kumlisha kwa mrija, na katika siku hizo marehemu aliamuru kwamba historia hii isomwe naye na si mwingine, na kwamba sehemu ya Mzee iongezwe palipokuwa na yake peke yake.

Mama Perpetua Kagwiria alituaga Alhamisi tarehe 13 Novemba 2025, saa nne na robo asubuhi, nyumbani Kiwanjani, mume wake akiwa amemshika mkono na Nakolong ameshika miguu. Ekuam aliruhusiwa kurudi, na yuko hapa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Meru na Nairobi, Muuguzi Nangiro aliyekubali kuvunja ushauri wake mwenyewe kwa siku moja, dereva wa Probox, wakuu wa kambi kwa gari na hema, wafanyabiashara wenzake wa soko, watu wa Tigania na wa Ngaremara, Mzee Guyo kwa unga wa siku zote za matanga, na wake wa askari waliopika hapa tangu Ijumaa, ambao wengi wao wako kwenye ndoa zao leo kwa sababu mtu aligonga mlango wakamfungulia.

Mwisho, Mzee Lobokat ametuomba tutangaze jambo, kwa kuwa yeye si mtu wa kusimama mbele ya watu. Tumeambiwa kuna familia tatu mpya zimehamia Kiwanjani mwezi huu, na hakuna aliyewatembelea. Jumanne asubuhi ataanza na nyumba iliyo karibu na kinu cha kusaga unga, akiwa na Nakolong, na ameahidi kwamba atakaa, atakubali chai, na ni yeye mwenyewe atakayesema.

Mama, umefanya yako na umechoka kwa haki. Pumzika kwa amani, nyumba zilizobaki tutazifikia sisi.